Mema ya Éliane

3 Novemba, Jumatatu

"Isaya mwana wa Amozi aliandika sura zote sitini na sita kwa mkono wake mwenyewe, na mtu anayesema vingine amemtukana Roho Mtakatifu." Ndivyo alivyosema Pasta Bokungu jana redioni, kwa sauti ile ya koplo mstaafu anayeita majina asubuhi.

Si kweli. Simwiti Pasta mwongo, maana mwongo anaujua ukweli na kuuficha. Pasta hajawahi kukutana nao. Afungue sura ya thelathini na tisa, aisome taratibu, kisha apindue ukurasa. Upande huu Yerusalemu ina mfalme, ina kuta, ina kiburi. Upande ule Yerusalemu ni magofu, watu wake wako Babeli, na nabii anawafariji. Mbele kidogo anamtaja Koreshi, mfalme wa Uajemi, kwa jina, kama mtu anayemwona akija barabarani. Kati ya Isaya na Koreshi kuna zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Pasta atajibu kwamba Mungu alimnong'oneza nabii jina lile. Mungu anaweza. Lakini nauliza jambo dogo: nani amewahi kwenda kilio cha maiti ambaye babu yake hajazaliwa? Faraja hupewa anayelia. Aliyeandika sura zile alikaa kati ya waliao. Alikuwa mwanafunzi, au mwanafunzi wa wanafunzi, na hakutia jina lake kwa sababu hakuyaona maneno kuwa mali yake.

Haya nitayasema Jumatano, katika dakika zangu ishirini za redioni. Nathalie, mke wangu, ameyasoma akiwa amesimama mlangoni, akasema: "Yav, tangu tuoane unapigana na batu ya mu radio. Paa ya jikoni njo inavuja."

Mvua kubwa ya kwanza imenyesha adhuhuri.

5 Novemba

Nimesema. Simu zililia studio. Watatu walinitukana. Mmoja alinishukuru, akakata kabla ya kutaja jina lake.

9 Novemba, Jumapili

Bokungu amejibu: "Mwalimu Yav anajua nani aliandika Isaya, lakini hajue kama jina yake mwenyewe imeandikwa mu Kitabu cha Uzima." Waumini wake wamecheka mpaka kipaza sauti kimelia. Ni mzaha mzuri. Nimekasirika siku nzima kwa sababu si wangu.

14 Novemba, Ijumaa

Leo nimekwenda uani kwa Mama Clotilde. Anakaa kwenye barabara yetu hii ya nyumba za reli tangu alipokimbia vita vya Malemba-Nkulu, na kila Ijumaa watu huja kumsikia akitabiri. Huwa siendi. Nilikwenda kwa ajili ya kozi yangu ya Manabii katika shule ya Biblia: wanafunzi wangu wanadhani nabii huketi mezani na kuandika kitabu. Amosi alichunga mifugo. Yeremia alisema, Baruku akaandika. Mfalme alipolikata gombo na kulichoma, Baruku akaandika upya, na tunaambiwa maneno mengi ya namna ileile yaliongezwa. Hatuambiwi aliyaongeza nani. Nilitaka kuona kazi hiyo inavyofanyika.

Mama Clotilde aliniona kabla sijakaa.

"Weye njo Mwalimu ya kubomoa Isaya?"

"Sibomoi, Mama. Nahesabu wajenzi tu."

"Aah. Hesabu. Ukimaliza kuhesabu bajenzi, mvua itakuwa imekunyeshea inje."

Wanawake walipiga makofi. Kisha akaanza kusema, na alisema kama mtu anayehamisha kikapu kutoka nyonga hii kwenda ile: nusu Kiswahili, nusu Kiluba, bila kusimama. Pembeni yake Guelord alikuwa akiandika. Guelord ndiye sekretere wa kundi, mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mwana wa sajenti aliyetoka mkoa wa Équateur. Amekulia kambini, kwao walisema Kilingala, na amehamia mjini mwaka juzi. Kiluba hajui zaidi ya salamu. Anaandika anachosikia kwenye karatasi moja moja, kwa mbio. Akifika nyumbani ananakili kwa mwandiko mzuri katika kaye, daftari lenye jalada gumu. Kaye ndiyo inayosomwa mbele ya watu.

Niliomba kuona vyote viwili. Kwenye karatasi ya wiki iliyopita: "Mutu ya choyo, mvua itamupita." Kwenye kaye: "Mvua ya baraka itamwepuka mwenye choyo, asema Bwana." Mama Clotilde hakusema "asema Bwana". Hakusema "baraka".

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimemkuta Baruku yu hai, na kalamu ya biki mkononi.

19 Novemba

Nimeyasimulia yote redioni, na mifano. Saa tisa Guelord alikuja kwangu. Alikataa kiti.

"Papa Yav, unaniita mwivi ya maneno mbele ya muji muzima?"

"Nimekuita mwandishi. Kwangu hiyo ni heshima."

"Heshima gani? Ku soko bananiuliza: Guelord, leo umeongeza nini? Minyi natengeneza tu. Mama anasema mbio, inamwangika pote. Minyi naokota."

"Na mimi sijasema zaidi ya hilo."

"Umesema, na ulicheka," akajibu, akaenda zake.

Kweli nilicheka.

24 Novemba

Mvua.

25 Novemba

Mvua. Choo cha jirani wa upande wa juu kimebomoka, uchafu umeshuka mpaka kwenye migomba yetu.

2 Desemba

Nimemaliza somo la Yeremia. Nakala ya Kiyunani ni fupi kuliko ya Kiebrania kwa karibu sehemu moja ya nane; mwanafunzi mmoja aliuliza ipi ni ya kweli, nikamwambia swali lake limekosewa, na nikaona fahari.

Éliane ametuletea bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Kisale. Éliane ni mjane wa marehemu kaka yangu. Anakaa nyuma ya ua wetu. Kaka, fundi wa reli, ndiye aliyechimba kisima chake, na tangu bomba la barabara yetu likauke kila nyumba inachota pale, bure. Hakuna mgonjwa wa barabara hii ambaye Éliane hajampikia. Amesema maji ya kisima yamebadilika rangi, kama chai nyepesi. "Yatatulia, shemeki," akasema. Nilikuwa na karatasi za wanafunzi mkononi. Nikasema ndiyo, yatatulia.

8 Desemba, Jumatatu

Kipindupindu. Nyumba nne za barabara yetu. Kituo cha afya kimejaa hadi barazani. Mama Clotilde amepatwa pia, na hakutaka kuondolewa kwake.

10 Desemba

Mama Clotilde amefariki asubuhi. Aliyekuwa naye ni Guelord peke yake. Sikwenda redioni.

13 Desemba, Jumamosi

Naandika polepole, maana nataka mambo yakae katika mpangilio wake.

Kilio kilifanyika uani kwa marehemu. Watu kama mia mbili. Éliane alikuwa amepika tangu alfajiri, akawa anagawa sahani kwa mkono wake. Pasta Bokungu alihubiri kwa adabu, sikupata cha kupinga. Kisha akatangaza kwamba tangu leo kundi la marehemu litasali kanisani kwake, na kwamba Guelord atasoma neno la mwisho la Mama.

Guelord alisimama. Alimpenda yule mama. Akafungua kaye, ukurasa wa arobaini na moja, akasoma:

"Matendo mema ya Éliane yana kifo ndani yake. Anachowapa kwa mkono wake, msipokee, asema Bwana."

Nilisikia sahani zikiwekwa chini, moja, kisha nyingi, juu ya udongo. Mtu mmoja alitema. Éliane alikuwa amesimama katikati na kijiko kikubwa mkononi. Alinitazama mimi. Alitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine, anayengoja mtu aseme wamekosea.

Nilipaza sauti. Nilisema ni uzushi, ni kalamu ya Guelord, nimeionyesha mwezi uliopita, kila mtu alisikia. Mama Mputu, jirani yetu anayenyonyesha, akanijibu bila hasira: "Mwalimu, weye ata Isaya unasema haikuwa yeye. Sasa nani alisema kitu mu hii dunia?"

Wachache walicheka, wakainama kuficha meno, kwa kuwa ilikuwa kilioni.

17 Desemba

Dakika zangu ishirini zote nimezitumia kwa Éliane. Nilikuwa na hoja tisa. Nilipotoka, Papy, mtangazaji, alisema: "Umesema vizuri sana, Mwalimu." Kwa Papy maana yake ni kwamba hakuna aliyepiga simu.

Watu hawali tena cha Éliane, lakini kisimani foleni ni ileile. Nimemuuliza Guelord njiani: kama mama huyu ni kifo, mbona mnakunywa maji yake? "Maji ni ya Mungu," akasema. "Na kila mutu anachota kwa kamba yake, haipite mu mukono ya Éliane." Tayari neno lina ufafanuzi, na ufafanuzi una shule.

18 Desemba

Jiwe juu ya paa la Éliane.

25 Desemba

Noeli. Éliane alipika kwa watu kumi. Tulikula watatu.

31 Desemba

Nimesema tena redioni. Mawe mawili. Éliane alikuja kwetu mchana, akakaa na Nathalie wakitwanga majani ya sombe, akasema bila kunitazama:

"Shemeki, unaweza kunisaidia kitu moja?"

"Chochote."

"Nyamaza. Kila Jumatano unanitetea, kila Jumatano usiku paa yangu haipate kulala."

6 Januari

Mtoto mchanga wa Mama Mputu amekufa. Kuhara, siku moja na nusu. Nathalie amekwenda kilio peke yake. Mama Mputu alimwambia kwamba Novemba, mtoto alipozaliwa, Éliane alimletea uji wa mtama. Hakuongeza neno. Nathalie naye hakuongeza.

9 Januari, Ijumaa

Nimekwenda kwa Guelord. Sikwenda kubishana, nilikwenda kuomba. Nilimwambia: wewe huandika karatasi kwanza. Nionyeshe karatasi ya siku ile.

Akatoa mkebe wa maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda. Karatasi zote zimo, zimekunjwa, zina tarehe. Hakutupa hata moja. Wapo waandishi wengi mashuhuri ambao wangestahili kujifunza kwake.

Karatasi ya tarehe 10 ilikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wa mtu anayelia:

"Mema ya Éliane iko na lufu. Mufunike."

Mama yangu alikuwa Muluba wa Kabongo. Nilisoma mara moja tu, nikaelewa. Mema, kwa Kiluba, ni maji.

Maji ya Éliane yana kifo. Mfunike.

"Guelord, hili neno 'mufunike' limekwenda wapi? Kwenye kaye halipo."

"Halikukaa sawa, Papa. Matendo mema, unafunika namna gani? Nikafikiri Mama alitaka kusema: musipokee. Nikatengeneza."

Hii ndiyo kanuni ninayoifundisha kila mwaka: neno linalomkwaza mwandishi ndilo la zamani, lile laini ndilo lililolainishwa. Hakuna afunikaye matendo mema. Watu hufunika kisima. Mwanamke yule, siku yake ya mwisho, mwili ukikauka, alielewa kilichomuua, na akatumia pumzi yake kusema jambo la kawaida kabisa kwa mtu pekee aliyekuwa chumbani, na mtu huyo hakujua Kiluba. Mwezi mzima nilikuwa nimesema Guelord ameongeza. Nilikosea. Hakuongeza neno la uovu. Alisikia neno la kigeni akalipa maana aliyokuwa nayo.

Nilimweleza. Aliketi sakafuni.

"Kwa hiyo ni minyi niliua mutoto ya Mama Mputu."

"Sijasema hivyo."

"Haukusema. Lakini njo vile iko."

Nikamwomba aende nami Ijumaa ijayo mbele ya kundi, aseme. Akatikisa kichwa. "Kaye iko na kurasa makumi ine na moja, Papa Yav. Mama alisema Kiluba mu kila ukurasa. Nikikubali neno hii moja, batauliza: na zingine? Bamama bameolesha batoto juu ya kaye hii. Bamesamehe bandugu juu ya kaye hii. Na weye njo ulinicheka mu radio. Kama weye haungesema kitu, ningeweza."

Karatasi alinipa. Ushahidi alikataa.

10 Januari

Nimefunika kisima kwa bati na mawe matano.

11 Januari

Wamefunua.

12 Januari

Nimefunika. Nilisimama hapo, nikamweleza kila aliyekuja na ndoo: mema, maji, mema, maji. Mzee mmoja Muluba alinisikiliza hadi mwisho, akasema anajua mema ni maji tangu hajaota meno, ila mimi sikuwemo chumbani. Akachota.

13 Januari

Wamefunua. Bati limechukuliwa.

20 Januari

Muuguzi amekuja, ametia dawa kisimani na kubandika tangazo: chemsheni maji. Mvua imelitoa tangazo saa nane. Wanasema muuguzi alitumwa na mimi. Kweli nilimwomba aje.

26 Januari

Mvua. Wawili zaidi.

3 Februari, Jumanne

Nimekwenda nyumbani kwa Pasta Bokungu. Miaka sita tunapigana na sikujua anakaa wapi. Chumba kimoja, picha ya marehemu mkewe, na yeye mwenyewe anapiga pasi shati lake kwa pasi ya makaa.

"Kaa, Mwalimu. Haujawahi kukaa kwangu."

"Sijawahi kualikwa."

"Na minyi kwako sijaalikwa. Tuko sawa."

Nilimpa karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Mema ni maji kweli?"

"Ni maji."

"Weye ni mutu ya kubishana. Ngoja." Akafungua dirisha, akamwita mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la mboga za lengalenga: "Mama! Ku Kiluba, mema ni kitu gani?"

"Ni maji, Pasta. Uko na kiu?"

Akafunga dirisha. Alisimama mpaka tukasikia harufu ya kuungua. Akainua pasi, na shati likawa na alama.

"Nitasoma hii karatasi mu radio minyi mwenyewe," akasema.

Nilitaka kumshika mkono. Akaendelea:

"Lakini tangu Novemba bantu yangu banasikia Yav anasema makarani banachezea maandiko. Nikisoma hii peke yake, batasema Bokungu naye amekuwa Yav, na hakuna atasikia. Weye utangulie. Sema: Isaya, sura sitini na sita, mukono mumoja, karani hakuongeza, hakupunguza. Kisha nasoma."

"Unajua si kweli."

"Sijue. Weye njo unajua. Minyi nachunga bantu, na bantu bananikufwa mu mikono."

Hakuwa ananitega. Nimeishi muda mrefu nikitegwa na watu wajinga, naijua sura yao. Huyu alikuwa mtu aliyezika saba tangu Desemba.

4 Februari

Nathalie: "Isaya alikufwa zamani. Hataumia."

Nimesoma tangu nina miaka kumi na tano. Kitu pekee ninachomiliki ni kwamba sijawahi kusema hadharani jambo nisiloliamini.

5 Februari

Mtoto wa nyumba ya tatu.

Nimepeleka ujumbe kwa Bokungu: nitasema.

11 Februari, Jumatano

Nilisema kwa sauti yangu, bila kumung'unya. "Mimi Séraphin Yav nilikosea. Isaya aliandika sura zote sitini na sita. Waandishi wa manabii hawakuongeza wala hawakupunguza hata neno." Papy alinikodolea macho kupitia kioo. Akilini nilimwona Éliane akigawa sahani, na nikaendelea.

Bokungu alitimiza ahadi. Akasoma karatasi ya Guelord, neno kwa neno. Akaeleza Kiluba chake vizuri kuliko nilivyomweleza. Akasema: "Funikeni kisima, ndugu zangu. Na mumwombe Mama Éliane musamaha."

Nilifikiri tumeshinda. Kwa muda kama dakika moja nilifikiri hivyo.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Mputu. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Mwalimu, leo umesema muzuri. Karani ya nabii haiongeze, haipunguze. Basi kaye ya Guelord ni kweli yote, na hii karatasi njo bongo, ni uongo. Aksanti."

Nilifungua kinywa. Miaka ishirini na minane ya kubishana, na jibu nilikuwa nalo, moja tu, zuri, kamili. Na ndilo nililokuwa nimelizika dakika tano kabla, kwa mikono yangu, mbele ya mji mzima. Kulitamka kungenifanya mwongo mara mbili. Nilimtazama Bokungu. Naye alikuwa ameelewa. Aliinamisha kichwa akafunika macho kwa kiganja, na Papy akaweka wimbo wa kwaya.

Simu tano zilizofuata zilimshukuru Mungu kwa kunirudisha.

12 Februari

Foleni kisimani ni ndefu kuliko jana.

15 Februari, Jumapili

Bokungu amerudia mimbarani: funikeni kisima. Theluthi moja ya waumini wametoka kabla ya sadaka. Wanasema Mwalimu amemwambukiza.

19 Februari

Mvua.

27 Februari, Ijumaa

Walikuja mchana kweupe, kama thelathini, wanawake wengi kuliko wanaume. Niliwajua wote, nusu yao niliwafundisha. Hawakumpiga. Waling'oa mlango, wakautoa nje wakauweka juu ya nyasi kwa uangalifu, kama watu wanaohamisha samani. Nilisimama mbele yao nikasema, na kusema, na mmoja wao, mwanafunzi wangu bora wa mwaka jana, aliniambia kwa upole: "Papa Mwalimu, pembeni kidogo."

Nilikwenda pembeni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Éliane alichukua masufuria mawili, blanketi na ndoo. Lori la mahindi lilikuwa linakwenda Kabongo, kwa ndugu za mama yake. Njiani aliniambia:

"Kitu moja sielewe, shemeki. Mimi bananiogopa. Kisima yangu banakunywa."

"Ni kosa la neno moja, Éliane."

"Basi ni neno mubaya sana, hilo neno mema."

Akacheka kidogo. Ana kovu kwenye kidevu, la moto wa utotoni, akicheka linavutika. Nathalie alimkumbatia muda mrefu. Mimi nilimpandishia ndoo.

3 Machi

Hakuna habari.

7 Machi, Jumamosi

Dereva wa lori amerudi. Kaye imefika Kabongo kabla ya Éliane. Watu wa kundi walitoa fotokopi Januari, wakaitawanya kwa jamaa zao pamoja na mizigo ya treni. Alipofika kwa wajomba zake walimtazama usoni, wakamfungia mlango. Analala kwenye banda la mtu asiyejua kusoma.

Dereva ameniletea nakala moja. Ukurasa wa arobaini na moja: "Matendo mema ya Éliane, mwanamke mwenye kovu kwenye kidevu, yana kifo ndani yake. Asipokewe kijijini."

Nimempelekea Guelord. Akaisoma, akawa rangi ya majivu.

"Kovu sikuandika minyi. Kijiji sikuandika minyi. Naapa kwa kaburi ya Mama."

Namsadiki. Nimemuuliza ni nani, akasema nakala zimepita mikononi mwa watu wengi, na kila mtu alitaka tu watu waelewe vizuri. Miaka yote nimewaheshimu wanafunzi wale wasiotaja majina, walioendeleza maneno ya walimu wao. Bado naamini waliofariji watu wa Babeli walikuwa wakweli. Lakini sikuwahi kujiuliza kama kulikuwa na mwanamke mmoja mahali fulani ambaye jina lake liliingia mstarini kimakosa, na akalala bandani.

9 Machi, Jumatatu

Ukurasa huu naunakili kwa mkono mara thelathini, na dereva ataondoka nao kesho.

Ninyi wa Kabongo mnaoshika kaye ya Mama Clotilde: sitawaambia nani aliandika Isaya. Nimelisema kwa ukweli, halikusaidia. Nimelisema kwa uongo, likaua. Aminini mtakavyo. Siwaombi muwe upande wangu, na jina langu hamna haja ya kulikumbuka.

Wewe uliyeongeza kovu, unajijua. Wewe uliyeongeza kijiji, unajijua. Na wewe uliyepokea nakala juzi tu, hujaongeza kitu bado, na biki iko mfukoni mwako: fungua ukurasa wa arobaini na moja. Mwulize mama yako, mwulize bibi yako, maana ya mema kwa lugha waliyokunyonyesha nayo. Kisha futa mstari wote. Andika: maji. Tia jina lako chini yake, ili safari hii tujue ni nani aliyeandika.

Halafu nenda kwenye lile banda analolala Éliane, leo, mvua haijaanza, ukamchukue, umfungulie mlango wako.